Nalipwa nauli tu: uigizaji utakuwa kazi lini?

*Swali: Shikamoo. Nina miaka 24, naishi Mbagala. Nimeigiza kanisani tangu sekondari, na mwaka huu nimecheza filamu mbili za YouTube. Zote nimelipwa nauli. Sasa kuna prodyuza ananiita kwenye tamthilia, siku 12, ila malipo anasema "tutaongea ukifika". Nyumbani wananiambia nitafute kazi ya maana. Nifanyeje ili hii iwe kazi na si kuuza sura?*

Marahaba, mdogo wangu. Hilo la prodyuza nitalirudia mwishoni, maana tukifika huko litakuwa limeshajijibu nusu.

Anayekuita kwenye tamthilia hatafuti mwigizaji bora wa Dar es Salaam nzima. Anatafuta mtu ambaye hatamharibia siku. Siku ya kushuti ina gharama zisizojali kipaji: kamera na taa za kukodi, nyumba ya watu iliyolipiwa mpaka saa kumi na mbili jioni, mafuta ya jenereta, chakula cha watu ishirini au thelathini. Ratiba ikitaka sini nane kwa siku, kila sini ina saa moja na ushee, na humo humo kuna kupanga taa, mazoezi, kupiga na kurudia. Ukiitwa saa moja ukafika saa tatu, umekula sini nzima na kipande cha nyingine. Ukisahau maneno mara sita, umemaliza kilichobaki. Ndiyo maana utaona watu wa kipaji cha kawaida wanaitwa mwaka hadi mwaka, na wengine wenye moto wao wanaitwa mara moja tu, simu inanyamaza. Mtaani wanasema ni kubebana. Kubebana kupo, lakini hata anayebeba hubeba mtu ambaye hatamuaibisha.

Basi tuanze na maneno. Muswada ukifika usikimbilie kukariri. Usome wote mara mbili, hata sini ambazo wewe humo, kwa sababu ndimo wenzako wanapokusema ukiwa hupo. Kisha pembeni ya kila sini yako andika mambo manne: mhusika ametoka wapi, anataka nini kwa huyu aliye mbele yake, nini kinamzuia, na anaondoka na nini. Hilo "anataka" liwe jambo la kutendeka: anataka apewe funguo, anataka mume akiri, anataka mgeni aondoke kabla mama hajarudi. Ukiandika "ana huzuni", kamera ikiwaka utakunja uso tu.

Ndipo ukariri, na ukariri bila mahadhi. Waliolelewa na maigizo ya kanisani na shuleni jambo hili huwasumbua sana, kwa kuwa wamezoea kushika maneno pamoja na sauti yake, kama mtu anayeghani. Mwenzako akija na ukali usioutarajia, wewe unamjibu kwa upole ulioukariri juzi, na sini inakufa hapo hapo. Rekodi kwenye simu maneno ya wenzako peke yake, ukiacha ukimya wa kutosha kwenye nafasi zako, kisha yajibu huku unafua au unachambua mchele. Maneno yakitoka bila kukwama wakati mikono ina shughuli, yameingia. Yakitoka ukiwa umekaa na macho umefumba tu, bado.

Kanisani ulikuwa unamfikishia sauti mama wa benchi la mwisho. Kamera ni mtu aliyekaa nawe mkeka mmoja. Punguza sauti, punguza mikono, punguza nyusi, ila usipunguze nia. Jipige kwa simu ukisema sentensi ile ile mara tatu, kila mara kwa nusu ya nguvu ya iliyotangulia, kisha utazame. Wengi hukuta ile ya tatu, waliyodhani hawakufanya kitu, ndiyo inayoaminika.

Halafu kuna mwendelezo, yaani kila kitu kifanane kutoka picha hadi picha, na hapa ndipo wageni wa seti hujulikana. Tamthilia haishutiwi kwa mpangilio wa hadithi. Kama sini ya 14 na ya 62 zote ziko sebuleni kwa baba mkwe, zitapigwa asubuhi moja. Kwenye ya 14 bado unapendwa, kwenye ya 62 umeshafiwa. Uwe na daftari dogo lako mwenyewe: namba ya sini, ni siku ya ngapi katika hadithi, nguo, hereni, mtindo wa nywele, jeraha kama lipo na liko upande gani, na hali uliyotoka nayo. Piga picha kwa simu kila sini ikiisha, kichwa mpaka viatu. Usimtegemee mtu wa mwendelezo peke yake, kwani kwenye kazi nyingi za kwetu huyo huyo ndiye anayeshika mavazi na kupigia simu watu wa chakula.

Chukua mfano wa kikombe cha chai. Picha ya kwanza ni pana, inawaonyesha wote wawili mezani. Unasema "Sijakukataza kwenda", kwenye neno "kwenda" unanyanyua kikombe kwa mkono wa kulia, unapiga funda, unakirudisha kwenye sahani, ndipo unamalizia: "nimeuliza unarudi lini." Sasa kamera inasogea kupiga uso wako. Safari hii umesisimka, machozi yanalengalenga, lakini kikombe umekishika kushoto na umekinyanyua kwenye "nimeuliza". Mhariri akiunganisha, kikombe kinaruka kutoka mkono hadi mkono. Atafanya nini? Atabaki na ile picha pana, na machozi yako yatakwenda na takataka. Chagua kitendo kidogo kimoja, kifunge kwenye neno moja, kirudie vilevile kila mara. Na kwenye sini ya kula, usile. Chezea kijiko, mega tonge dogo, kwa sababu sini ikirudiwa mara saba, wali nao utarudiwa mara saba.

Kazi nyingi za YouTube hazina muswada kamili. Unaambiwa hadithi kwa mdomo, kisha "ekshen". Kabla hujakubali kuanza, uliza mambo matatu: sini hii lazima ifichue nini, nani anaifunga, na kwa neno gani. Ukishajua neno la kufunga, unaweza kutembea huru katikati. Usimkanyage mwenzako maneno. Sauti zikigongana hazitenganishiki kwenye uhariri. Na usimpe mhusika mwenzako historia mpya papo hapo ("si ndiyo maana uliacha mtoto Tabora!"), maana kesho waandishi watalazimika kumtafuta huyo mtoto.

Usaili siku hizi huanzia kwenye simu. Unatumiwa ukurasa mmoja wa maneno, unaambiwa utume klipu kufikia kesho. Ilaze simu kwa upana, lenzi iwe usawa wa macho yako. Vitabu juu ya stuli vinatosha. Simama mbele ya ukuta mtupu, dirisha liwe mbele yako na si nyuma yako. Picha ikate kifuani. Wa kukusomea asimame karibu kabisa na lenzi, aseme kwa sauti ya chini kuliko yako, na wewe umtazame yeye. Lenzi iangalie pale tu unapojitambulisha: jina, umri unaoweza kuucheza, urefu, unaishi wapi. Zima feni. Kama chumba kina mwangwi, tandika blanketi na khanga sakafuni na ukutani nyuma ya simu. Mbagala ukitaka ukimya, rekodi kabla bodaboda hazijaamka, lakini hapo jogoo atakuwa kazini, kwa hiyo chagua adui yako. Tuma majaribio mawili yenye tofauti ya kweli, si kumi yanayofanana. Faili lipe jina lako na jina la mhusika, na kwenye WhatsApp litume kama dokumenti, kwa sababu likienda kama video ya kawaida linabanwa na uso unakuwa ukungu.

Picha mbili zinatosha: uso, na mwili mzima. Bila filta, bila kope bandia, bila wigi ambalo wiki ijayo litakuwa la mwenzako. Anayekuita anataka aliyemwona kwenye picha ndiye ashuke kwenye bajaji. Wasifu uwe ukurasa mmoja. Kipengele kinachosahaulika humo ni lafudhi na lugha: kama unaongea Kisukuma, Kimakonde au Kiunguja cha kweli, kiweke juu, kwa sababu lafudhi ya kuigiza husikika kuwa ya kuigiza. Kuendesha gari, kuogelea, ngoma, kuimba taarabu, vyote viandike, mradi usiongope. Mwigizaji aliyesema anaendesha gari wakati haendeshi ni hatari kwa watu, achilia mbali ratiba.

Kuhusu kusoma: TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, inatoa astashahada na stashahada, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya sanaa za maonyesho. Cheti hakikupi nafasi kwenye tamthilia. Kinachokupa ni saa nyingi za mazoezi mbele ya watu wanaokusahihisha, na wenzako wa darasa ambao miaka mitano baadaye ndio waongozaji. Kama ada hakuna, tafuta kikundi kinachofanya mazoezi kila wiki hata kama hakuna cha kushuti. Steven Kanumba, nyota wa filamu zetu, alipitia kikundi cha maigizo cha Kaole, na kizazi kile kilipikwa kwenye michezo ya televisheni ya kila wiki kabla ya kwenda kwenye filamu. Kikundi kinachokutana siku ya kamera tu hakitakukuza.

Soko lenyewe limehama zaidi ya mara moja. Kanumba alipofariki, Aprili 2012, filamu ziliuzwa kwa DVD na sura juu ya kasha ndiyo iliyokuwa biashara. Maduka yale yalipopungua, waliokuwa na mlango huo mmoja walibaki nje. Leo kuna tamthilia za chaneli za kulipia kama Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu, kuna YouTube, matangazo, michezo ya redio, maigizo ya mashirika yanayozunguka vijijini na kampeni za afya, na kuna kuingiza sauti. Hii ya mwisho vijana wengi hawaitazami. Tamthilia za Kichina na za Kituruki zinaingizwa sauti za Kiswahili, na StarTimes iliwahi kuendesha mashindano ya kusaka sauti na kuwapeleka washindi Beijing. Ni kazi ya studio, haijali sura wala umri, na inataka Kiswahili kilichonyooka. Ugumu wake ni midomo: mhusika kafungua mdomo mara tatu, wewe una "ninakusubiri" yenye silabi sita. Lazima uwe na "nangoja" mfukoni. Jifunze kwa kuzima sauti ya sini fupi na kuijaza mwenyewe mpaka mdomo na maneno vifungane pamoja.

Sasa hela. Wengine hulipa kwa siku, wengine kwa kipindi, wengine kwa kazi nzima, na usipouliza ni ipi, tarakimu uliyotajiwa haina maana. Tuseme, kwa mfano tu, umeambiwa 600,000 kwa hizo siku 12. Kodi ya zuio ya asilimia 5 ikikatwa inabaki 570,000. Nauli na chakula cha njiani 15,000 kwa siku ni 180,000. Mavazi uliyoambiwa uje nayo, ushonaji na kukodi, 80,000. Vocha na bando 20,000. Umebakiwa na 290,000, yaani kama 24,000 kwa siku, na hapo hujahesabu siku za mazoezi wala siku ulizokaa nyumbani ukisubiri kuitwa. Huenda bado ni kazi nzuri kwako. Ila uikubali ukijua ni 24,000, usiikubali ukidhani ni laki sita. Wakikata kodi waombe hati yake, na uwe na TIN. TRA hawaitozi hela.

Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, shida huwa ni kuyathibitisha. Kwa hiyo hata pasipo karatasi, maandishi ya WhatsApp yana uzito, maana tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ushahidi wa aina hiyo unapokelewa mahakamani. Ukipewa karatasi, ruka sifa za kampuni, nenda kwenye mambo haya: kiasi na tarehe ya kulipa (si "baada ya mradi kukamilika", mradi unaweza usikamilike), malipo ya siku zikizidi, nani anabeba nauli na mavazi, nani anatibu ukiumia seti, jina lako litatokeaje, na picha zako zitatumika wapi na kwa muda gani. Hilo la mwisho ndilo linalowaliza watu. Tangazo ulilolipwa mara moja bila kikomo cha muda linaweza kuzunguka miaka na miaka. Na kipengele cha kutofanya kazi na mshindani kinaweza kukufungia matangazo ya simu zote kwa sababu ya kampuni moja. Mikataba ya matangazo ya marehemu King Majuto, mchekeshaji, ilifika hadi kwa waziri mwaka 2018, na huyo alikuwa mtu anayejulikana nchi nzima. Sheria ya mwaka 1999 ya Hakimiliki na Hakishiriki inamtambua pia mwigizaji, hicho ndicho neno hakishiriki linachobeba. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanaweza kukueleza unachokisaini kabla hujakisaini. Omba pia kiandikwe kwamba utapewa vipande vya sini zako kazi ikishatoka hewani. Vikusanye upate klipu ya sekunde 60 hadi 90, ianze na uso wako ukiongea, isiwe na muziki na picha za gari.

Kuna mambo hayana mjadala. Usaili wa kweli haukutozi ada ya fomu wala ya "kuingizwa kwenye mfumo". Ukiitwa gesti au usiku, hujaitwa kwenye usaili. Nenda na mtu, mwachie mwingine jina la mahali na saa ya kurudi. Anayekuomba mwili ili akupe nafasi anatenda kosa la rushwa ya ngono kwa sheria ya 2007, na TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Hifadhi jumbe zake, usizifute kwa hasira. Na ukipewa sini ya kitandani au ya kupigwa, kila mguso upangwe na kukubaliwa kabla kamera haijawaka. "Tutaona ikifika" si mpango. Uliza pia kama kazi ina kibali cha Bodi ya Filamu, na wewe mwenyewe ujisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa.

Hao wa nyumbani usiwapinge sana. Wana hoja, ila dawa yake ni kuchagua kazi ya pembeni inayopindika. Duka la mtu linalokutaka kila siku saa mbili litakugombanisha na kila ratiba. Kushona, ushereheshaji, kusuka, kuuza mtandaoni, kufundisha maigizo shuleni mchana, hizo zinasogezeka. Weka kando hela ya kodi ya nyumba ya miezi mitatu kabla hujaacha chochote, na NSSF ina utaratibu kwa waliojiajiri. Wenye miaka 24 hucheka nikitaja hili, wenye 50 hawacheki.

Ukishaanza kuitwa, kuna mtego wa nafasi moja. Ukimcheza vizuri dada wa kazi mwenye mdomo, utaitwa kwa dada wa kazi wenye midomo mpaka uchoke. Mara ya kwanza na ya pili kubali, inakujengea jina. Ya tatu, omba mhusika awe na sini moja ya upande mwingine, au chukua kazi ndogo ya jukwaani au ya redio inayokuonyesha tofauti, kisha watumie klipu yake hao hao wanaokuita. Na kati ya kazi na kazi, kumbusha watu kwa kitu, si kwa "mambo vipi": klipu mpya, picha mpya ukibadili nywele. Mara moja kwa miezi miwili inatosha.

Sasa prodyuza wako. Usimjibu kwa simu, andika, na uandike leo:

"Habari za kazi, kaka. Nashukuru kwa nafasi, siku 12 nimezitenga. Kabla ya kuanza naomba unitumie sini zangu, kiasi cha malipo na yatalipwa lini, na kama nauli na mavazi ni juu ya kampuni. Makubaliano hata ya ukurasa mmoja yanatosha, nitasaini siku ya kwanza."

Akitaja kiasi kidogo lakini akakitaja, hapo kuna mtu wa kuzungumza naye: omba nauli ilipwe kila siku jioni, theluthi moja ya malipo kabla ya siku ya kwanza, na vipande vya sini zako kwa maandishi. Akijibu kwamba wapo wengi wanaoitaka nafasi hiyo, ni kweli wapo, mwachie hao. Akipiga simu badala ya kuandika, msikilize kwa adabu, kisha ukikata mtumie ujumbe: "Kama tulivyoongea, ni kiasi fulani, tarehe fulani, nauli ni juu yenu." Asipoukanusha, upige picha ya skrini uihifadhi mahali pengine mbali na simu hiyo.